Miti ya Kiden wa Dranya

Mwanangu Salma,

Amani ya Mungu iwe nawe huko uliko, ingawa huko uliko ni Koboko tu kwa bibi yako, habuba, na kabla ya magharibi utakuwa umerudi. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha dirishani. Mama yako ameenda sokoni kukutafutia ufuta, ile simsim ya njiani. Nimeona niandike sasa hivi, maana nikingoja tuzungumze nitaishia kuzungumza juu ya basi na mizigo, na kesho alfajiri utaiacha Arua bila kusikia ninalotaka kusema.

Mambo ya chakula, ya chumba cha kupanga, ya wezi wa simu huko Kampala, mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena. Mimi siyagusi.

Barua yako ya kazi nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, nikiwa nimesimama. Mara ya pili nilivaa miwani. Mara ya tatu nikaanza kuishuku. Unanijua, mama yako husema siku malaika akija kunichukua nitamwomba kitambulisho. Barua inasema utakuwa mkaguzi wa mazingira. Utakwenda kwa wakulima wa kahawa, maana wanunuzi wa ng'ambo sasa hawataki kahawa iliyopandwa mahali palipokatwa msitu. Utazunguka shamba na simu ili lichorwe kwenye ramani, utahesabu miti ya kivuli, utajaza fomu. Ni kazi njema, sikatai. Lakini ukurasa wa pili, karibu na chini, kuna mstari unaosema unatarajiwa kukamilisha mashamba kumi na mawili kwa siku. Salma, aliyeuandika mstari huo hajafika Dranya mwezi wa mvua. Mimi nilikuwa na pikipiki nzuri na njia nilizijua zote, na mashamba manne yalinirudisha nyumbani nimevunjika mgongo. Mtu anayetakiwa kufika kumi na mawili hatafika. Atajaza tu. Na huyo aliyeandika kumi na mawili, nashuku, analijua hilo vizuri.

Ila si mstari huo unaoniandikisha. Ni maneno uliyotuambia siku uliporudi kutoka kwenye usaili. Ulikaa hapa sebuleni bado na viatu miguuni, ukacheka, ukasema wamekuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, nawe ukawajibu, "Baba yangu alipanda miti Koboko." Ukasema wale watu watatu waliitikia kwa vichwa na mmoja akaandika. Mama yako alinitazama, kisha akainuka kwenda jikoni. Wewe hukuliona hilo. Mimi nililiona.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka miaka niliyofanya kazi na kampuni ya tumbaku. Jina lake siliandiki; iliondoka siku nyingi na watu wake wametawanyika. Wewe ulikuwa darasa la nne huko Mvara. Siku za kazi nilikaa Koboko kwa habuba yako, Ijumaa nikirudi kwenu Arua. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wakulima kuotesha miche, kupalilia, na kukausha majani kwenye bani, ile nyumba ndefu ya matofali yenye mabomba ya moto ndani. Bani likishawashwa halizimwi mpaka majani yote yakauke, usiku na mchana, karibu juma zima. Linakula kuni kuliko harusi. Kampuni ndiyo iliyoyaleta mabani yale. Katika miaka michache vilima vya Dranya na Lobule vilianza kuonekana mifupa. Mikwaju na mivule waliyoikuta babu zao iliingia motoni moja moja, na hakuna aliyeuliza.

Halafu wanunuzi wa ng'ambo wakauliza. Wakasema hawatachukua tena tumbaku iliyokaushwa kwa kuni za msitu wa asili. Kila mkulima awe na shamba lake la mikaratusi, akaushie kuni zake mwenyewe, na ofisa wa kampuni athibitishe: ahesabu miti, ampige picha mkulima akiwa kati ya miti hiyo, amwekeshe kidole gumba kwenye fomu. Nataka uamini kwamba niliupenda utaratibu ule. Nilizunguka kwenye mikutano nikiueleza mpaka sauti ikakauka. Nilisema hii ndiyo akili, watoto wetu watakuta miti.

Miche ililetwa mvua ikiwa imekwisha. Mwaka wa pili ikaja kwa wakati lakini ilikuwa imekaa siku nyingi kwenye lori, mizizi imekauka. Wakulima walipanda kwa sababu niliwaambia wapande. Iliyopona ililiwa na mbuzi. Nilipeleka habari ofisini mara zote mbili, na mara zote mbili niliambiwa miche imekwisha kuandikwa kuwa imegawiwa, kwa hiyo imegawiwa.

Mtu mmoja tu katika kikundi changu chote alikuwa na shamba la miti la kweli. Alikuwa mjane wa Kikakwa pale Dranya, anaitwa Kiden. Marehemu mumewe alianza kupanda mikaratusi kabla kampuni haijaota kuidai, na yeye akaiendeleza. Kiangazi alibeba maji kutoka kijitoni kichwani, dumu kwa dumu, akazungusha ua wa miiba. Ilikuwa mirefu, imenyooka, na ndani yake palikuwa na ubaridi hata saa saba mchana. Hakujua kusoma, lakini ulimi wake ulikuwa mkali. Siku moja mkutanoni alisimama mbele ya mkuu wangu wa kazi akasema kwa Kiswahili chake cha soko, "Hii nyumba ya moto nani naleta? Iko nyinyi. Inakula miti kama ng'ombe nakula majani. Sasa nyinyi nauliza mimi, miti iko wapi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Mkuu wangu hakucheka.

Mwaka wa tatu tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Mkuu akaniita, akafungua faili langu, akaona nafasi za picha ziko tupu. "Musa," akasema, "hawa wageni hawaji kutazama mikaratusi. Wanakuja kutazama faili. Jaza."

Nilianza na mzee Wani. Mtu mwema, kifua kinamsumbua, miche yake yote ilikuwa imekauka. Bila picha angefutwa, na tumbaku ndiyo iliyomnunulia dawa. Nikampandisha kwenye pikipiki nikampeleka kwenye miti ya Kiden. Kiden alikuwa Lobule kwenye matanga. Nikamsimamisha mzee kati ya mikaratusi, nikapiga. Nilijiambia ni huruma, na kwa Wani labda ilikuwa huruma. Siku iliyofuata nikampeleka mwingine, naye nikamsimamisha upande wa pili. Wa tatu nikamvua kofia. Walipofika kumi na mmoja nilikuwa nimeshakuwa fundi: huyu asubuhi, huyu jioni, huyu nipige kutoka chini ili miti ionekane mingi.

Ijumaa ile nilikuja Arua na picha zikiwa zimesafishwa, nikazitandaza mezani nizipange. Mama yako alikuwa anapita na sufuria ya chai. Akasimama.

"Musa, hawa watu wote wanakaa boma moja?"

"Kwa nini?"

"Hiki kichuguu." Akaweka kidole. Nyuma ya mzee Wani kulikuwa na kichuguu chekundu kilichovunjika kichwa. Akaweka kidole kwenye picha ya pili, na ya tano, na ya nane.

Nikamwambia Koboko ina vichuguu vingi.

"Vimevunjika namna hiyo hiyo vyote?" Hakungoja jibu. Alimimina chai akaenda zake, na hakusema neno jingine juu ya jambo hilo mpaka leo.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kushuku, Salma. Zamani sikuwa hivyo, muulize habuba. Nilimshuku mama yako kuwa amenisema kwa ndugu zake. Nilimshuku mlinzi wa ofisi, kwa nini amenisalimu vile. Mkulima akinyamaza niliona anajua, akizungumza niliona ananipima. Nikakata kile kichuguu kwenye kila picha kwa mkasi.

Na zaidi ya wote nilimshuku Kiden. Alirudi kutoka matangani akanikuta njiani, akanisimamisha.

"Ofisa, nani iko naingia kwa miti yangu? Alama ya viatu iko mingi."

"Wakaguzi," nikasema.

"Wakaguzi bado kuja."

"Waliotangulia."

Aliteremsha macho polepole mpaka kwenye buti zangu, akazitazama, akaondoka.

Nilianza kumchunguza. Nilijiambia mwanamke huyu ana kuni nyingi mno. Nilipita kwake bila taarifa, nikapima rundo lake kwa macho, nikauliza majirani kama wamemsikia akikata usiku. Siku moja nikaona kando ya bani lake gogo la mkwaju. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Nikamuuliza gogo limetoka wapi. Akanionyesha: upepo ulikuwa umeuangusha mkwaju wa uani juu ya jiko lake. Shina lilikuwepo pale pale, limepasuka, na jiko lilikuwa na paa jipya la nyasi ambalo halijapata hata kubadilika rangi. Niliviona vyote viwili kwa macho yangu. Kisha nikaandika kwenye daftari: gogo la mkwaju, asili haijulikani.

Wiki hiyo hiyo mkuu akaniita tena. Alikuwa amelipitia faili. "Safi," akasema, "ila safi mno. Wakaguzi wakiona kikundi kizima kimefaulu watashuku. Nipe mmoja aliyeanguka."

"Nani?"

"Wewe ndiye unayewajua."

Angenitajia jina, labda ningelikataa. Aliniachia nichague, na mimi nilikuwa nimeshachagua kabla sijatoka kwenye mlango ule. Nilimwendea Kiden na fomu imejazwa. Ilisema anakausha tumbaku kwa kuni za msitu wa asili. Nilimwambia ni fomu ya kawaida ya ziara. Akapangusa mkono kwenye kitenge, akanipa kidole. Kilikuwa na ufa wa mpini wa jembe, na alama ikatoka imepasuka katikati.

Nimekaa na alama ile miaka yote hii, ndiyo maana naikumbuka.

Msimu wa kuuza ulipofika alileta marobota yake kwa baiskeli tatu za kukodi. Karani alisoma orodha akalikuta jina lake limepigwa mstari mwekundu, akamwambia arudishe mzigo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mizani.

"Kosa langu iko gani?" akauliza.

"Karatasi inasema kuni za msitu."

"Karatasi ya nani?"

Karani akaigeuza, akamwonyesha. "Si kidole chako hiki?"

Kiden alikitambua. Nadhani kila mtu anajua mikono yake. Hakumtazama karani wala hakulia. Alinitazama mimi, muda mrefu, mpaka waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kuvuta marobota yao mbele. Kisha akafunga mzigo wake upya, taratibu, akiyabana majani kana kwamba yana mahali pa kwenda.

Mvua za mwisho ziliikuta tumbaku ile ndani. Nusu ilioza. Binti yake Keji, mwenye umri kama wako, alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule. Mwaka ule ule kikundi chetu kilipata cheti cha kukausha tumbaku bila kuharibu msitu, na mimi nikapata barua ya pongezi. Wewe ulikuwa wa tatu darasani. Nilikununulia viatu vyekundu.

Siku moja nikiwa njiani kwenda kwa mzee Wani nilisikia mashoka. Nikazima pikipiki. Kiden alikuwa amewaita wanunuzi wa nguzo, na mikaratusi ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa amekaa juu ya gogo, anawatazama. Nikamuuliza, kwa sauti ya ofisa bado, "Kwa nini unakata?"

"Hii miti ndiyo naleta wewe kwangu," akasema. "Wacha iende."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Katika kikundi kizima kulikuwa na shamba moja la miti, na lilikatwa kwa sababu ya utaratibu wa kulinda miti, kwa mkono wangu. Yale kumi na moja ya kwenye faili hayakuguswa na shoka wala mbuzi. Nadhani mpaka leo yanakua mahali fulani katika kabati la watu.

Kama unangoja nikuambie kwamba niligunduliwa, sikugunduliwa. Wakaguzi walikuja, wakapanda gari siku mbili, wakanywa soda, wakalisifu faili. Wala hawakuwa wajinga. Mmoja wao, mama wa makamo, aliinua picha moja akaitazama, akaitazama nyingine, akanitazama mimi. Nikaona kwamba ameona. Lakini jua lilikuwa linashuka na dereva amewasha gari. Akaiweka chini. Nimemfikiria mama yule mara nyingi kuliko ninavyomfikiria mkuu wangu. Baada ya miaka michache kampuni ilifunga ofisi ikaondoka, na kila mtu akapewa mkono wa kwaheri.

Sasa nikuambie nilikokwenda wiki tatu zilizopita. Nilisema nakwenda kumwona habuba. Nilimwona, ni kweli, lakini kutoka pale nilichukua boda mpaka Dranya. Maneno yako ya kwenye usaili yalikuwa yananifukuza. Nilitaka kumwambia Kiden kabla hujaanza kazi, ili angalau pawe na mtu mmoja duniani asiyedanganywa na jina langu.

Amezeeka, lakini macho ni yale yale. Keji ameolewa Lobule na ana watoto. Kiden alinikaribisha kiti, akaniletea maji, akakaa mbali kidogo. Nikasema yote. Picha, fomu, kidole. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayekimbia juu ya makaa. Nilipomaliza akaniuliza, "Umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Mimi najua tangu zamani. Wani aliambia mimi, kabla ya kufa. Alilia. Nangoja wewe. Nasema, huyu mutu atakuja, ama hatakuja."

Nikamwomba anisamehe. Aliinuka akaniambia nimfuate, akanipeleka pale ilipokuwa mikaratusi. Baada ya kukatwa ilichipua tena kutoka kwenye visiki, kama inavyofanya, naye aliiacha tu miaka mingi ikawa kichaka kirefu. Miaka ya karibuni aliing'oa, visiki na vyote, akapanda kahawa. Kahawa nzuri, Salma, imezaa mpaka matawi yanainama. Na haiuziki.

Kulikuwa kumekuja kijana mwenye simu. Alizunguka shamba, simu ikaonyesha nyekundu. Akamwambia picha za kutoka angani zinaonyesha hapa palikuwa na miti mingi, na sasa hakuna; kwa hiyo ni msitu uliokatwa kwa ajili ya kahawa, na kahawa hiyo haitapokelewa. Kiden akamwambia si msitu, ni miti aliyopanda yeye na mumewe. Kijana akamuuliza, kwa adabu, kama Kiden alivyosema, "Mama, una karatasi yoyote?"

Karatasi gani? Majirani wa umri wake wengi wamekufa. Na karatasi zote zilizopata kuandikwa juu ya miti ile zina majina ya watu kumi na mmoja wengine. Iliyo na jina lake inasema yeye ni mchoma misitu, na ina kidole chake.

Tulisimama pale. Ndipo akaniuliza, "Ile picha ya mtoto wako iko?"

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikakumbuka: Idi ile nilipokupeleka Dranya, Kiden akakupa karanga za kuchemsha, nawe ukakimbia kati ya mikaratusi na gauni lako la njano, nikakupiga picha kwa kamera ya kampuni. Ndiyo ile ya ukutani, unayoionyesha wageni. Yeye alikuwa amesimama nyuma yako, mkono kwenye shina, anacheka. Tumeitazama picha ile miaka yote na sidhani tumewahi kuuliza yule mama ni nani.

Huenda umekwisha kuona ukutani pamebaki msumari. Usiulize mama yako. Mimi ndiye niliyeitoa.

Jumanne nilikwenda nayo Koboko. Nilikaa na mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa chama cha kahawa, nikaandika maelezo yangu, kurasa nne, kwa jina langu kamili. Nilieleza miti ilikuwa ya nani, nilieleza nilichokifanya, nikataja kila mtu niliyemsimamisha pale, nikaweka sahihi. Kiden alikuwepo. Yalisomwa kwa sauti, yakatafsiriwa kwa Kikakwa, na mahali pa kidole mwenyekiti alisimama akaomba pasomwe tena. Kwenda nyumbani nilipita kati ya watu ambao zamani waliniita mwalimu. Hakuna aliyenitukana. Wametuma maelezo pamoja na picha kwa wale wenye simu, na wamejibiwa kwamba shamba litaangaliwa upya. Kahawa yake bado imo ndani kwenye magunia. Sijui watasema nini. Neno "upya" mimi silitegemei sana mpaka nione mtu amefika shambani kwa miguu.

Sasa lililobaki ni lako. Fulana ya yule kijana, Kiden aliniambia, ilikuwa na jani la kijani ndani ya duara la buluu. Nilirudi nyumbani nikaivuta barua yako ya kazi kutoka kwenye bahasha. Jani la kijani, duara la buluu. Kwa hiyo maelezo yangu yako, au yatakuwa, mezani kwa watu watakaokupokea Jumatatu. Jina lako la pili ni jina langu. Ulichowaambia kwenye usaili na nilichoandika mimi haviwezi kuwa kweli vyote viwili, na mtu mwenye macho ataona.

Sikukuomba ruhusa kabla ya kutia sahihi. Nilijiambia ni kwa sababu najua ungenikubalia. Ukweli ni kwamba nilishuku huenda usikubali, na nikaogopa kukusikia ukisema, "Ngoja kwanza, baba, nianze kazi." Nimekushuku hata wewe. Hilo nalo nisamehe, kama nimekosea.

Siombi umsaidie Kiden. Faili lake likifika kwako, lirudishe, sema wazi kwamba shahidi ni baba yako, wampe mwingine. Na waambie mapema, siku ya kwanza, kabla hawajakuuliza, kwamba baba yako hakupanda miti Koboko. Watakalofanya baada ya hapo ni lao. Kama watakurudisha nyumbani kwa ajili yangu, chumba chako kipo, na nitakuwa na deni kwako ambalo sijui baba hulilipa namna gani. Kama watakuacha ukae, basi ile kumi na mawili, uliza nani aliiandika. Uliza kwa upole, lakini uliza. Na ukifika kwa mtu asiyejua kusoma, msomee mpaka mwisho kabla hajatoa kidole. Mengine utayajua mwenyewe, una akili kuliko mimi na elimu kuliko sisi wote.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu ambao si kama mimi nilivyokuwa.

Nilifikiri nitie barua hii ndani ya begi lako, uikute Kampala. Kisha nikaona hiyo ni tabia yangu ile ile, kuweka karatasi mahali na kuondoka. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu. Nitakaa hapa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kuuliza, uliza lolote, nitajibu. Na usipotaka kuuliza kitu, pia nitakuwa nimekaa.

Ni mimi baba yako,
Musa